Sheria Yangu ya Watoro wa Kinondoni

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Ushindi! Ushindi mkubwa! Naandika kabla hata ya chakula.

Leo Kamati ya Shule imekaa katika darasa la nne kuzungumza utoro. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Ansbert, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mpole kupita kiasi, alisoma majina ya watoto wasioonekana darasani. Majina ishirini na mawili! Aibu kwa Kinondoni nzima. Akatuuliza wazazi tufanye nini.

Elinaza aliwahi kusimama. Elinaza huwahi kila kitu. Ni fundi cherehani, mzee wa kanisa la Kilutheri, na tangu afungue duka lenye kioo anajiona liwali. Akasema mtoro apigwe viboko viwili. Watu wakaitikia. Nikaona heshima yote inaelekea kwake. Nikasimama, nikasema vitatu. Elinaza akasema vinne. Nikasema vinne ni vya siku ya kwanza tu, na kila siku inayoongezeka viwe maradufu! Hapo Elinaza alikwama, maana hesabu za maradufu hazimo katika kukata suruali. Akajikakamua, akasema siku ya tano jina lifutwe katika rejesta. Makofi. Ilibidi nimzidi. Nikaongeza kifungu changu mwenyewe: atakayefika baada ya kengele ya pili ahesabiwe hakuja kabisa. Na ugonjwa uwe na cheti cha dispensari. Udhuru usiohitaji cheti ni msiba peke yake, kwa kuwa maiti haendi kutibiwa. Watu wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Mnada umekwisha, mali yangu!

Mwalimu Ansbert aliandika polepole sana. Aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Akasema mtoto wa siku ya tatu atapata viboko kumi na sita, na mkono utakaopiga ni wake yeye, si wa kamati. Nilimwambia asiogope. Sheria ikiwa kali hakuna atakayeivunja.

Nimemsimulia mke wangu Bernadeta. Aliuliza kama yuko aliyewauliza hao watoto ishirini na wawili kwa nini hawaendi shule. Wanawake hawaelewi mambo ya kamati.

Jumanne, 8 Septemba

Sheria imesomwa leo kwenye paredi. Binti yangu Adelina, darasa la nne, anasema watoto walinyamaza kama kanisani. Safi. Ana miaka kumi na miwili, mwembamba, na hesabu anazijua kunipita mimi baba yake (siri hii ibaki katika daftari hili). Novemba atafanya mtihani wa kuingia shule ya kati ya masista. Katika ukoo wetu wote wa Kingoni hakuna aliyewahi kufika huko. Nikilifikiria hilo nasisimka mwili mzima.

Habari mbaya: Elinaza anawaambia wateja wake kwamba sheria ni yake. Nimepita mbele ya duka lake makusudi, nikisukuma baiskeli taratibu, nikaona watu watatu wanampa mkono. Mimi karani wa stoo bandarini, ninayeandika Kiingereza kutwa nzima, nashindwaje na mtu wa sindano? Dawa ni kuonekana. Kuanzia kesho nitapita shuleni kila asubuhi nikienda kazini, shati jeupe, kaptula imenyooka, soksi ndefu mpaka magotini. Watoto wamwone mwenye sheria.

Jumatano, 9 Septemba

Shati! Adelina hunipigia pasi kila asubuhi, ndiyo kazi yake tangu ana miaka tisa, na huifanya vizuri. Leo kola ilikuwa na mkunjo. Mkunjo, siku ya kwanza ya kuonekana! Nikamrudishia. Mkaa ulikuwa umezimika. Akauwasha upya, akapuliza mpaka macho yakawa mekundu, akarudia kola. Nikamwambia arudie na mikono. Bernadeta alisema mtoto hajachota maji wala hajanawa uso. Nikamwambia karani hatoki nyumbani na kola iliyolala.

Nilipita shuleni nang'aa. Bahati mbaya watoto walikuwa hawajapanga mistari. Uwanjani palikuwa na kuku wawili na mpagazi aliyekaa anatoa mwiba mguuni. Kesho nitoke nyumbani baadaye kidogo.

Jioni Adelina alikuwa kimya. Sare yake ilikuwa na chicha za nazi begani. Nilidhani siku hizi wanafundishwa upishi.

Ijumaa, 11 Septemba

Balaa. Ee Mungu wangu, balaa!

Natoka kazini, nafika kwenye duka la Elinaza, namkuta Mwalimu Ansbert amesimama hapo. Ananiuliza kwa upole Adelina anaendeleaje, maana leo ni siku ya tatu hajaonekana shuleni. Elinaza akaacha kukanyaga cherehani. Naapa niliona masikio yake yakisogea!

Lazima niseme kitu. Nikisema anaumwa, cheti kiko wapi? Kifungu changu. Nikisema sijui, kabla ya jua kuzama Kinondoni yote itajua kwamba mwenye sheria anafuga mtoro ndani. Nikasema tumepata msiba.

Elinaza akauliza, wa nani. Mdomo ukajibu peke yake: dada yangu Eufrazia, kule Songea. Dada yangu! Mzima wa afya, anapasua kuni kumshinda mumewe. Mungu anisamehe. Nilimchagua kwa sababu yuko mbali.

Mwalimu Ansbert alivua kofia. Akanishika bega, akanipa pole. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, akauliza inakuwaje Mngoni amekufa na Wanyamwezi hawajaambiwa. Mngoni na Mnyamwezi ni watani tangu mababu! Mngoni akifiwa, mtani ndiye mwenye shughuli: anakuja, anachekesha, anadai, anachukua anachotaka, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ningeweza kusema nyumba imeungua. Ningeweza kusema chochote. Nimekwenda kuchagua msiba, mbele ya mtani!

Nyumbani nikamkalisha Adelina. Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Akaeleza bila kuinua macho. Jumatano alifika kengele ya pili imeshalia. Akachungulia uani, akamwona mvulana mmoja anapigwa, akahesabu vinne, na miguu ikageuka yenyewe. Akaenda Tandale kwa Filomena, muuza vitumbua, shoga wa mama yake, akawa anamkunia nazi. Alhamisi alitaka kurudi darasani, lakini vilikuwa vimefika vinane. Leo kumi na sita. Jumatatu thelathini na viwili. Jumanne hakuna viboko tena, jina linafutwa. Hesabu yote hiyo ameipiga kichwani, bila kalamu, bila kosa. Kisha akafungua viganja vyake akavitazama, kama anayepima kama vitatosha.

Sikufoka, naandika ukweli. Viganja vyenyewe ni vidogo, na kimoja kina kovu la pasi.

Bernadeta alisema jambo ni jepesi: niende kwa mwalimu, niseme kweli, niombe sheria ipunguzwe. Akaongeza kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimwambia haiwezekani. Nikiomba ipunguzwe kabla hata wiki haijaisha, Elinaza atanicheka mpaka Krismasi. Tena ninao mpango mzuri zaidi. Msiba nimeshautangaza. Kilichobaki ni kuufanya.

Jumamosi, 12 Septemba

Nilipanga msiba mdogo, wa kistaarabu. Mkeka mmoja mbele ya nyumba. Bernadeta ajifunge kanga kichwani (alikataa, halafu akakubali kwa ajili ya mtoto). Mimi nikae bila soksi. Majirani wapite, watoe pole, waende zao. Jumatatu Adelina arudi darasani na udhuru halali. Nani angedhurika?

Saa nane mchana nimerudi kutoka kazini, jasho halijakauka, nikasikia kilio barabarani. Wanyamwezi! Mwalimu Ansbert mbele. Mtu ambaye kwa miaka mitatu sijamwona bila tai, amevaa gunia, uso umepakwa majivu, sufuria kichwani. Nyuma yake wapagazi, mpishi wa Mzungu mmoja, na wake zao wamevaa makoti ya waume zao. Wanaomboleza kwa sauti kuu: Mngoni amekufa, nani sasa atatuibia ng'ombe! Mmoja akajilaza mlangoni kwangu, akasema yeye ndiye marehemu Eufrazia na hazikwi mpaka apewe kuku. Akapewa kuku. Akafufuka, akashukuru, akafa tena, akataka wa pili.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kweli mtani ni dawa. Kama ningekuwa nimefiwa, ningepona papo hapo.

Bernadeta alilia kwa dhati. Alikuwa anawalilia kuku wake. Elinaza alikuja na wanakwaya wa Kilutheri, amebeba mchele begani mwake mwenyewe. Akanikumbatia. Akasema alizika dada yake mwaka jana na hajapata kumsahau hata siku moja. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Sijawahi kumchukia Elinaza kama nilivyomchukia kwa wema ule.

Adelina alijificha jikoni. Mwalimu Ansbert akamfuata huko na sufuria lake kichwani, nami nikachungulia. Hakumtania. Alichuchumaa, akajifuta majivu usoni, akamwambia asiogope, aliyefiwa hapigwi. Jumatatu arudi, mtihani unamngoja. Akasema alipoona kiti chake kitupu siku tatu alishindwa hata kula, akiufikiria mkono wake mwenyewe na ile fimbo, na aliposikia ni msiba alimshukuru Mungu, jambo ambalo si zuri mtu kulisema kwa mfiwa. Adelina akaangua kilio. Watu wakasema mtoto huyu alimpenda sana shangazi yake.

Mwisho wakaichukua baiskeli yangu. Ni haki ya mtani: huondoka na kitu, nawe unakikomboa siku ya kuondoa tanga, msiba unapofungwa. Wakaipandisha mabegani na kuiimbia kama jeneza. Nikauliza tanga litaondolewa lini. Mwalimu akasema ni mpaka ifike barua ya ndugu kutoka Songea. Barua ya Songea huchukua wiki tatu! Tena aiandike nani?

Jumapili, 13 Septemba

Padre amemwombea Eufrazia kwenye misa. Kwa jina. Niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma. Waumini waliona huzuni, wakazidi kunipa pole.

Jumatatu, 14 Septemba

Adelina aliondoka mapema sana leo, kwa hiyo shati nilipiga pasi mwenyewe. Nimeliunguza mgongoni, alama kamili ya pasi, mpaka ncha yake inaonekana. Nikatafuta koti la kuifunika. Nikakosa. Nikatoka mbio kwa miguu, na kutoka Kinondoni mpaka bandarini bila baiskeli ni mwendo.

Nilifika lango la kampuni saa mbili na dakika kumi. Kazi huanza saa moja na nusu. Karani Mkuu, Didas, alikuwa amesimama mlangoni na saa yake ya mnyororo, na kile kitabu chake cha wino mwekundu. Mchelewaji humfokea mbele ya wapagazi wote, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili wapagazi nao wafaidi. Alikuwa anamfokea karani wa mizani. Nilimhurumia karani wa mizani. Kisha nikajihurumia mimi. Nikasimama nyuma ya marobota ya mkonge, nikafikiri. Nikiingia sasa, nitafokewa kwa kuchelewa. Nisipoingia kabisa, kesho nitaeleza yote kwa utulivu. Nikageuka. Si woga. Ni mpango.

Niende wapi? Nyumbani yuko Bernadeta. Mjini wananijua. Nikaenda Tandale kwa Filomena, mwanamke asiye na maswali mengi. Kwa tahadhari nikazunguka nyuma ya kibanda chake. Nyuma ya kibanda nikamkuta mtu ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi.

Adelina!

Tulitazamana. Yeye na sare yake, mimi na shati langu lililoungua. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini hayuko shuleni. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza kwa heshima kwa nini mimi siko kazini. Nikasema kampuni imenituma kukagua nazi. Filomena alicheka mpaka vitumbua vikaungua.

Basi Adelina akasema. Alifika mpaka dirisha la darasa. Wenzake walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo wa kumfariji, na mwalimu amemwekea kiti mbele. Viboko anaviogopa, alisema, lakini kumdanganya Mwalimu Ansbert macho kwa macho anaogopa zaidi. Kuingia na uongo hawezi. Kuingia na ukweli hawezi. Akaja kwenye nazi. Na kesho ndiyo siku ya tano. Kisha akaniuliza kama nami nimeogopa.

Nilimpa kitumbua changu. Tulikaa pale mpaka saa tisa, tukikuna nazi kwa zamu, naye anakuna vizuri kuliko mimi. Nilimtazama nikaliona jina lake katika rejesta na mstari wa wino unapita juu yake. Mstari mmoja tu, na mambo yote yamekwisha: mtihani, masista, shule ya kati. Atabaki pale pale, kwenye mbuzi ya Filomena, mpaka aolewe. Na mstari nimeuchora mimi, ili nimshinde fundi cherehani.

Jumanne, 15 Septemba

Asubuhi niliamka na mpango! Mzuri kuliko yote! Simu ya maandishi kutoka Songea. Niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya stoo: EUFRAZIA AMEZINDUKA. Msiba unafutika, baiskeli inarudi, na udhuru unabaki pale pale, maana siku zote hizo tulifiwa kwa nia njema. Nikamshika Adelina mkono, tukaenda kabla ya kengele ya kwanza. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilimwambia asiseme neno, aniachie mimi.

Shule nzima ilikuwa imepanga mistari. Elinaza naye alikuwepo, amesimama pembeni, ananyonganyonga kofia yake. Nikatoa simu yangu. Nikakohoa. Adelina akanichomoka mkononi.

Alitembea mpaka mbele ya Mwalimu Ansbert, akamwambia kila kitu. Kengele ya pili, Filomena, nazi, shangazi aliye mzima. Kila kitu! Sauti ilikuwa ndogo lakini uwanja mzima ulisikia. Akasema leo amewahi kengele, kwa hiyo siku zake ni nne na si tano, na viboko vyake ni thelathini na viwili. Aliomba apigwe vyote, ila jina lake lisifutwe. Akanyoosha viganja.

Mwalimu alinitazama. Nilidhani atacheka, si mtani? Hakucheka. Alichukua fimbo yake ya henzirani, akavuka uwanja, akanikabidhi mimi. Akasema tangu sheria ianze amepiga watoto mpaka bega linamuuma, na asubuhi hii hawezi tena. Sheria ni yangu, mtoto ni wangu. Nipige.

Niliinua fimbo. Naapa niliinua, maana macho ya watu yalikuwa mengi na sikujua mtu hufanya nini kingine. Adelina hakuvuta mikono. Alifumba macho tu, akaanza kuhesabu kwa midomo kabla hata sijapiga. Mkono ukagoma. Nikaanza kulia. Mbele ya shule, mbele ya Elinaza, karani mzima nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza, na leso sikuwa nayo.

Aliyenipa leso ni Elinaza. Kisha akasema kwamba naye amekuja na kijana wake wa darasa la tatu, ambaye tangu Ijumaa amekuwa akijificha chini ya meza ya kukatia nguo, mguuni pa baba yake mwenyewe, na baba hakujua. Siku mbili. Vinane. Tukatazamana, mimi na yeye. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaka kuongeza.

Kamati ikakaa pale pale, wima. Sheria imefutwa! Mtoro atafagia uwanja, basi, na jina la mtoto halifutwi mpaka mwalimu afike kwao. Mwalimu Ansbert akaomba kifungu kimoja tu: kabla ya adhabu yoyote, mtoto aulizwe sababu. Tukakubali. Akaanza hapo hapo na Adelina. Akamwuliza, mbele ya shule nzima, Jumatano alichelewa kwa nini.

Adelina akasema alikuwa anapiga pasi shati la baba.

Sitaki kuandika habari za kile kicheko.

Baiskeli nimeikomboa kwa hukumu ya utani. Nimempakia Mwalimu Ansbert kwenye keria kutoka shuleni mpaka sokoni na kurudi, yeye akitangaza njia nzima kwamba amebebwa na Mngoni anayefufua wafu. Mtu huyo ni mzito kuliko anavyoonekana! Tuliporudi Adelina alikuwa anafagia uwanja. Akatuona, akashika fagio kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima sikuwa nimesikia sauti hiyo. Kazini sikwenda. Nisingeweza kufika kwa wakati.

Jumatano, 16 Septemba

Leo nimekwenda kazini na niliamua kusema ukweli mtupu kama mwanangu. Sikupata nafasi. Didas hakuniuliza lolote. Siku mbili, wino mwekundu mara mbili, barua ya onyo, nikafokewa lugha zote mbili. Wapagazi walifaidi.

Nimechukia! Mtu mzima, baba wa mtoto, anaadhibiwa bila kuulizwa sababu! Adhabu kali namna hii humtia mtu hofu ya kurudi, na akiogopa kurudi anakosa siku ya pili, na akikosa ya pili ya tatu haendi kabisa. Nashangaa kampuni kubwa haioni jambo dogo kama hili.

Nilimweleza Bernadeta yote hayo kwa kirefu. Alinitazama sana, akasema niendelee hivyo hivyo, nimekaribia. Sijui nimekaribia wapi.

Jumapili, 20 Septemba

Mambo mazuri! Juzi Padre alilalamika kwamba wanaume wanachelewa kwenye kikao cha ujenzi wa kanisa. Akauliza ni nani awezaye kutunga utaratibu. Nani tena? Nilisimama kabla hajamaliza. Elinaza si Mkatoliki, hakuwepo wa kunipandisha, kwa hiyo nilijipandisha mwenyewe. Nimetunga hivi: atakayefika baada ya jina lake kuitwa, apige magoti juu ya kokoto mbele ya wenzake mpaka kikao kifungwe. Asiyefika kabisa, apige magoti vikao viwili. Padre aliuliza kama kokoto ni lazima. Nikamwambia kwamba ndizo zinazofundisha.

Kikao cha kwanza ni leo saa tisa alasiri. Tangu saa saba nimekaa nyuma ya nyumba nanakili utaratibu huu kwa mwandiko mzuri ili ubandikwe mlangoni. Nimeweka urembo kwenye herufi za mwanzo. Urembo huchukua muda. Nimeinua kichwa sasa hivi, jua limekwishapita paa la jirani. Saa tisa na nusu!

Magoti yangu si mazuri tangu ujana.

Adelina amenifuata huku nyuma na kitabu chake cha hesabu. Kesho ana jaribio, na jina lake limo katika orodha ya watakaofanya mtihani Novemba, la tatu kutoka juu. Amenitazama, ameitazama karatasi, ameelewa yote bila kuambiwa. Amesema niondoke sasa hivi, yeye atanisindikiza mpaka mlangoni na atakaa nje kuningoja mpaka kikao kiishe.

Nimemwambia si haraka hivyo. Atangulie kwanza peke yake, achungulie kama wameshaanza kuita majina. Kama wameanza, aseme tumepata msiba.

Amekaa tu, kitabu magotini, ananiangalia. Haondoki.